Mwaka Mmoja, Swali Moja: Jinsi ya Kupanga Malengo ya Kutafiti na Kuandika Historia ya Ukoo

Miaka mitatu ya mwanzo niliyojiita mwandishi wa historia ya ukoo wetu sikuandika hata ukurasa mmoja. Nilikusanya majina. Nilikuwa na madaftari matatu yaliyojaa majina, na mdogo wangu akiniuliza tumetokea wapi, sikuwa na sentensi ya kumwambia. Kila Januari lengo langu lilikuwa lilelile: "kumaliza historia ya ukoo". Katika miaka hiyo mitatu tulizika wazee wanne, na wawili kati yao sikuwahi kukaa nao hata nusu saa nikiwa na kalamu mkononi.

Utaratibu ninaoueleza hapa niliujenga baada ya hapo, na ndio ninaoufuata hadi leo. Sisi ni watu wa Songea, mkoa wa Ruvuma, kwa hiyo mifano mingi ni ya huko. Wewe wa Rungwe, Bukoba, Lushoto au Pemba badilisha majina ya mahali na majira ya mvua, mengine yatakufaa yalivyo.

Hatua ya 1: Hesabu ulichonacho

Tenga jioni moja katika wiki ya kwanza ya Januari. Toa kila kitu mezani: vyeti vya ubatizo na ndoa, picha, kadi za TANU, stakabadhi za kodi, barua za zamani, na vile vitabu vya sala ambavyo wazee waliandika ndani ya jalada tarehe za kuzaliwa watoto wao. Familia za Kiislamu, hasa za pwani, zitazame pia hati za ndoa, karatasi za wakfu na shajara za nasaba. Nyingi zimeandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Kama wewe huzisomi, mpelekee mwalimu wa madrasa mtaani kwenu, akusomee nawe uandike pembeni.

Kila karatasi ipige picha kwa simu, mbele na nyuma. Nyuma ya picha ndiko hukaa muhuri wa studio, mwaka, au salamu aliyoandikiwa mtu ambaye hukuwahi kumsikia. Kisha chukua karatasi ya manila na uchore ukoo kama unavyoujua leo, bila kumpigia mtu simu. Pale usipojua, acha kiboksi kitupu. Hivyo viboksi vitupu ndivyo vitakavyokupangia mwaka wako.

Hatua ya 2: Chagua swali moja

Sisi Wangoni tunapenda kuanzia kwa Zwangendaba, kiongozi wetu wa kale, alivyowavusha watu mto Zambezi mwezi Novemba 1835, siku jua lilipopatwa. Ni tarehe tamu kwa mtu wa nasaba, kwa sababu kupatwa kwa jua kunahesabika, na masimulizi ya wazee yameoana na hesabu za wanajimu. Lakini kati ya Zambezi na babu mzaa babu yako kuna vizazi ambavyo hakuna aliyeviandika. Anza huku chini kwa wanaojulikana, upande polepole. Aliyeanzia juu huishia kuazima babu wa watu.

Swali la mwaka liwe na mtu mmoja, mahali panapojulikana, na kipindi unachoweza kukikadiria. "Historia ya ukoo wa mama" ni kazi ya maisha, haitoshi mwaka. Swali langu la mwaka mmoja lilikuwa hili: *Babu mkubwa, kaka yake babu mzaa baba, alikwenda mkonge Tanga na hakurudi. Aliondoka lini, na je, aliacha watoto?* Nyumbani jina lake lilitajwa msibani tu, tena kwa haraka.

Ukishaliandika swali, lipime. Andika chini yake watu au mahali patatu panapoweza kuwa na jibu. Mimi niliandika: shangazi, vitabu vya ubatizo vya parokia yetu, na mzee mmoja jirani ambaye baba yake naye alikuwa manamba, yaani kibarua wa mkataba. Kama hupati hata patatu, swali hilo liweke akiba, uchague jingine.

Baada ya hapo ndipo weka idadi. Kwa mtu mwenye ajira au shamba la kuangalia, mimi nashauri hivi: wazee watano wa kuzungumza nao, safari moja ya kijijini, vitabu viwili vya parokia au mafaili machache ya ofisi, na kurasa 24 zilizoandikwa. Kurasa mbili kila mwezi. Usiweke lengo la idadi ya majina. Nimeona watu wenye mti wa ukoo unaojaza ukuta mzima, na mtoto wao akiuliza bibi huyu alikuwa mtu wa namna gani, ukuta hauna la kumjibu.

Hatua ya 3: Fuata kinachopotea kwanza

Hii ndiyo hatua ninayoomba uisome mara mbili.

Faili la enzi za Mjerumani lililoko Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, litakungoja mpaka mwakani. Kitabu cha parokia kilichofungiwa kabatini kitakungoja, ingawa mchwa hawana ahadi na mtu. Karatasi zilizo nyumbani kwa binamu, juu ya dari, zinangoja kwa mashaka: mvua moja tu na bati linalovuja, basi. Makaburi ya udongo yasiyo na saruji yanajulikana na mtu mmoja au wawili wanaokumbuka mti uliopandwa karibu. Na shangazi yako mwenye miaka 86 hangoji kabisa.

Mwaka mmoja nilipanga kumtembelea bibi, upande wa mama, wakati wa Pasaka. Nikasogeza hadi Krismasi ili niunganishe na likizo. Bibi akafariki Oktoba. Yeye ndiye aliyekuwa akijua majina ya wanawake: mama yake, bibi yake, na dada zao walioolewa mbali. Wanaume wa upande ule ninao mpaka kizazi cha sita. Wanawake wanaishia kizazi cha tatu, na sijapata tena wa kumuuliza. Ndiyo maana sasa kila mwaka, liwe swali lolote nililochagua, lengo mojawapo lazima liwe la upande wa kina mama.

Chora jedwali dogo: jina la mzee, umri, afya, anasikia vizuri au la, anajua nini ambacho wengine hawajui, na nani atakupeleka kwake. Mpange wa kwanza yule ambaye ukimkosa hakuna wa kuziba pengo lake. Mara nyingi huwa ni mwanamke, na mara nyingi ndiye ambaye ukoo haukumtaja ulipoulizwa "mzee anayejua historia ni nani?"

Hatua ya 4: Weka kazi kwenye kalenda ya huko uendako

Ruvuma mvua huanza Novemba na kuendelea hadi Aprili. Barabara za vijijini hazipitiki vizuri, na wenyeji wako shambani tangu alfajiri. Kuanzia Mei ni mavuno, na kwa wenzetu wa Mbinga kahawa nayo inaanza kuiva. Julai na Agosti kuna chakula ghalani, baridi inakusanya watu jikoni mapema, na mzee ana muda. Safari yangu ya mwaka huwa Julai. Huko kwenye masika ya Machi hadi Mei na vuli ya mwisho wa mwaka, panga vingine. Kilimanjaro, Desemba wote wako nyumbani. Utumie mwezi huo kwa mazungumzo, mafaili uyasogeze mwanzo wa mwaka.

Januari hadi Machi nafanya kazi ya mezani: kupanga picha, kupiga simu, kuandika kurasa za mwanzo, kuandika barua za kuomba ruhusa. Aprili hadi Juni naenda ofisi zilizo karibu. Julai safari. Agosti na Septemba nanakili sauti. Oktoba na Novemba naunganisha maandishi.

Bajeti iandike pia: nauli, kunakili vyeti, na mkononi usiende mtupu. Sukari, sabuni, majani ya chai, kitenge kwa bibi. Hiyo ni heshima ya mgeni, usiifanye malipo ya maneno. Mzee akishaona kwamba analipwa kwa kila jibu, majibu huongezeka.

Msiba hauingii kwenye kalenda, lakini utakuja. Wazee wakikaa kupanga nani atazungumza kwa niaba ya nani, nani ni mjomba wa marehemu na nani anastahili kurithi jina, nasaba nzima hutajwa pale bila kuulizwa. Usitoe simu kurekodi. Sikiliza, ukilala usiku andika.

Hatua ya 5: Kaa na mzee

Nenda na mtu anayemjua. Mara ya kwanza amkia, keti, mpe habari za nyumbani, ule unachopewa. Daftari libaki mfukoni. Mara ya pili omba ruhusa ya kurekodi, ueleze sauti itakaa wapi na nani ataisikia.

Usianze na "ulizaliwa mwaka gani?" Wazee wengi hawana jibu, au wana jibu lililoandikwa kwa kukisia na karani siku walipotengeneza kitambulisho. Uliza kwa matukio. Andaa orodha ya matukio ya eneo lenu, uwe nayo kwenye ukurasa wa mwisho wa daftari. Yangu inaanzia vita vya Majimaji, 1905 hadi 1907, na kunyongwa kwa viongozi wetu Songea tarehe 27 Februari 1906. Inafuata vita vya Mjerumani na Mwingereza, 1914 hadi 1918, na homa kuu iliyofuata. Nzige wa miaka ya 1930. Vijana kwenda Burma na KAR, jeshi la Waafrika chini ya Waingereza, katika vita vya pili. Mpango wa karanga wa Nachingwea na Kongwa, ulioanza 1947. Uhuru, 9 Desemba 1961. Azimio la Arusha, Februari 1967. Kuhamishiwa vijiji vya ujamaa, hasa 1974. Vita vya Kagera, 1978 na 1979. Mzee asiyejua mwaka wake atakwambia bila kusita kama wakati wa kuhamia kijijini alikuwa na watoto wangapi na nani alikuwa bado ananyonya.

Jambo la pili ni maneno ya undugu. "Kaka" anaweza kuwa mtoto wa baba mdogo, "babu" anaweza kuwa mzee yeyote wa rika lile, na "mama" anaweza kuwa mke mdogo wa baba. Kila mtu akitajwa, uliza: ni wa tumbo moja? Baba mmoja mama mmoja? Mama yao alikuwa wa ngapi? Bila swali hili utaunganisha matawi ambayo hayajawahi kuungana. Na kila mtu ulizia majina yake yote: la kuzaliwa, la ubatizo, la utani, na alilojiita alipokwenda kutafuta kazi. Wengi waliokwenda mashambani walijiandikisha kwa jina jingine.

Shangazi nilimkuta ameketi mlangoni na ungo wa maharage mapajani, akichambua. Nilimsaidia kuchambua. Tulipofika nusu ya ungo nikamuuliza:

— Shangazi, babu mkubwa alipoondoka kwenda mkonge, wewe ulikuwepo?

— Nilikuwepo, baba, lakini mgongoni. Mama alikuwa ananiambia siku ile nililia mpaka sauti ikakauka, kwa sababu huyo aliyeondoka ndiye aliyezoea kunibeba.

Akaendelea kuchambua. Maneno hayo yalinitosha kwa siku nzima. Cheti chake cha ubatizo kinaonyesha alizaliwa 1939. Mtoto wa kubebwa mgongoni, aliyekwisha kumzoea mtu kiasi cha kumlilia, ni wa miezi kadhaa hadi miaka miwili. Kwa hiyo babu mkubwa aliondoka kati ya 1939 na 1941. Hakuna aliyenipa mwaka. Mwaka ulitoka kwenye mgongo wa mama na karatasi moja.

Sauti ipe jina siku hiyohiyo: mwaka, mwezi, siku, jina la mzee, kijiji. Nakala moja ibaki kwenye simu, nyingine kwenye flashi, ya tatu kwa ndugu anayeishi mji mwingine. Naanza kunakili maneno ndani ya wiki moja, kwa sababu saa moja ya sauti hunichukua saa nne au tano kuiandika, na nikichelewa nasahau mkono ulikuwa unaonyesha upande gani aliposema "kule".

Hatua ya 6: Nenda kwenye karatasi

Wakati wa ukoloni usajili wa vizazi na vifo haukuwa wa lazima kwa Waafrika, kwa hiyo kwa bibi na babu zetu usitarajie sana RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo. Huko utapata vyeti vya baadaye, na vina kazi yake. Kwa waliozaliwa kabla ya uhuru kwenye maeneo ya misheni, kitabu cha ubatizo ndicho cheti. Peramiho ya Wabenediktini ilianza 1898; Wamoravian walifika Rungwe 1891; Walutheri wa Leipzig walianza Kilimanjaro 1893; Mapadri wa Roho Mtakatifu walikuwa Bagamoyo tangu 1868. Jua ni misheni gani iliyowafikia watu wenu na mwaka gani, ndipo ujue vitabu vinaweza kuanzia wapi. Peramiho, kwa mfano, ilichomwa moto katika Majimaji mwaka 1905, kwa hiyo swali la kwanza kwa mtunza vitabu liwe: kitabu cha zamani kabisa mlicho nacho kinaanzia mwaka gani?

Andika barua kwa paroko mapema, taja majina na miaka unayotafuta, ukubali siku atakayokupa. Nenda na penseli, usibebe kalamu ya wino. Usipige picha ukurasa bila ruhusa, maana kwenye ukurasa huohuo kuna siri za familia nyingine.

Vitabu vya Kikatoliki vya zamani vimeandikwa Kilatini, lakini maneno ni machache na yanajirudia. *Natus* au *nata* ni amezaliwa, *baptizatus* au *baptizata* amebatizwa, *filius* na *filia* ni mtoto wa kiume na wa kike, *patrinus* na *matrina* ni wasimamizi, *obiit* alifariki. Kinachosumbua zaidi ni majina. Mmisionari Mjerumani aliandika alivyosikia, kwa herufi za kwao. Songea utaiona Ssongea, Nyasa utaiona Njassa, Ruvuma utaiona Rowuma. Herufi j imesimama mahali pa y, w mahali pa v, na tsch mahali pa ch. R na l zinabadilishana kama kawaida yetu. Kabla hujafungua kitabu, andika kwenye kikaratasi namna tano au sita ambazo jina la ukoo wako lingeweza kuandikwa, ukiweke mbele yako. Nilipofanya hivyo ndipo nilipompata baba yake babu, niliyekuwa nimempita mara mbili.

Na soma pembeni mwa ukurasa. Watu wengi wananakili mstari wa ubatizo wakafunga kitabu. Kwa sheria ya Kanisa Katoliki, aliyebatizwa hapa akifunga ndoa kwingine, paroko wa huko hutuma taarifa, na huku inaandikwa pembeni mwa jina lake la ubatizo. Kwa babu mkubwa, pembeni, kwa mwandiko mwembamba wa wino mwingine, kulikuwa na mwaka 1946, jina la mwanamke, na neno Tanga. Nililisoma mara tatu kabla sijamwita katekista aje alione. Mtu tuliyeambiwa amepotea alikuwa amefunga ndoa kanisani, na habari zake zilifika hadi kwenye parokia yetu. Zilikaa kabatini, mwendo wa robo saa kutoka nyumbani kwa mama yake.

Baada ya parokia ndipo ofisi kubwa. Nyaraka za Taifa zilizoko Upanga zina mafaili ya Kijerumani na ya Kiingereza, pamoja na vitabu vya wilaya ambamo maofisa wa Kiingereza waliandika habari za watawala wa jadi, koo na mipaka. Usiende huko kutafuta jina la babu yako; utachoka bure. Nenda kutafuta mahali pake: kijiji, jumbe, mwaka wa njaa, barabara iliyojengwa kwa nguvu za nani. Vitabu hivyo vya wilaya visomwe kwa uangalifu, kwa sababu ofisa aliandika alichoambiwa na wakubwa waliokuwa wakimtumikia. Wenye asili ya Unguja na Pemba wanazo Nyaraka zao, pale Kilimani. Kila ofisi uliza kwanza masharti na ada, na uende na kitambulisho na barua ya utambulisho.

Hatua ya 7: Andika kuanzia mwezi wa kwanza

Usingoje utafiti uishe, hauishi. Jumapili ya mwisho ya kila mwezi nakaa na kuandika kurasa mbili juu ya nilichojua hadi siku hiyo, hata kama ni kidogo. Januari huwa ni maelezo ya picha moja: nani yumo, nguo gani, nani hayumo na kwa nini. Kuandika ndiko kunakonionyesha tundu lililopo, nikajua la kumuuliza mzee Julai.

Kila jambo ulilolisema lipe alama. Mimi natumia herufi tatu: K kwa lililotoka kwenye karatasi, M kwa la mdomo, D kwa dhana yangu. Mwisho wa sura naeleza karatasi gani, mzee gani, siku gani. Aya yangu ya babu mkubwa ilisomeka hivi:

*Aliondoka kati ya 1939 na 1941 (D), asubuhi, mtoto wa mdogo wake akilia mgongoni mwa mama (M). Aliandikishwa kama manamba, mfanyakazi wa mkataba anayeitwa kwa namba (M). Mwaka 1946 alifunga ndoa Tanga (K). Nyumbani waliendelea kuamini amekufa (M).*

Sentensi nne, na kila moja msomaji anajua aiegemee kwa uzito gani. Ukiwa nayo hiyo, ndipo uongeze historia pana: Japani ilipoziteka Ufilipino na visiwa vya Indonesia mwaka 1942, mkonge wa Tanganyika ukatafutwa sana na upande wa Waingereza, na mashamba ya Tanga yakataka watu wengi zaidi. Mwaka 1944 wenye mashamba wakaanzisha SILABU, ofisi ya kuandikisha vibarua kutoka mikoa ya mbali. Habari hizo ziwekwe mahali zinapomgusa mtu wako, zisitangulie peke yake kurasa kumi.

Wazee wakipingana, andika kauli zote mbili na majina ya waliozitoa. Usiwe hakimu.

Hatua ya 8: Yale mazito

Katika nchi ya Wangoni, watu waliotekwa au kuingizwa katika vita vya karne ya 19 waliitwa sutu, na wajukuu wao leo ni Wangoni kama wengine. Kuna nyumba ambazo jambo hilo bado linauma. Pwani kuna familia zenye jeraha la utumwa, waliouzwa na waliouza. Kila mahali kuna watoto waliolelewa na babu kama wake, na ndoa zisizosemwa.

Maoni yangu ni kwamba yaandikwe, kwa sababu kuyaficha kunamfuta mtu yuleyule aliyekwisha kunyang'anywa kwao. Lakini wenye nyumba hiyo waulizwe kwanza, wasome kilichoandikwa, na wakisema "bado", sura hiyo ikae kwenye bahasha iliyofungwa yenye mwaka wa kufunguliwa. Habari za walio hai zisiingie kabisa bila idhini yao. Mti wa ukoo ukitaka kuuweka kwenye tovuti kama FamilySearch, ambayo ni ya bure, weka waliofariki. Na picha za kaburi la mtu zisitangulie kwenye kundi la WhatsApp kabla wanawe hawajaziona.

Neno moja kuhusu ardhi. Kitabu chako kinaweza kupelekwa kwenye baraza la ardhi kama ushahidi wa shamba la nani. Kwa hiyo unapoandika "hapa palikuwa pa babu fulani", weka ile herufi ya M au D waziwazi.

Hatua ya 9: Kagua, kisha uusomee ukoo

Mwisho wa Machi, Juni na Septemba fungua ukurasa wa kwanza wa kauntabuku, pale ulipoandika swali na malengo ya mwaka. Lililokamilika lipigie mstari. Lililokwama mara mbili mfululizo lihamishie mwakani, usilibebe kwa aibu mwaka mzima. Akiugua mzee, kila kitu kingine kisimame.

Novemba peleka kurasa zako steshenari, zichapwe na kupigwa spairo, nakala kumi tu. Acha nafasi pana pembeni. Desemba, ukoo ukikusanyika, omba nusu saa baada ya chakula na usome kwa sauti, kwa sababu wazee wengi hawatasoma lakini watasikiliza na kusahihisha. Mtu mmoja akae na kalamu kuandika masahihisho.

Nilisoma ile aya tarehe 27 Desemba, uani, watoto wakiwa wamekaa kwenye mkeka. Nilipofika "mwaka 1946 alifunga ndoa Tanga", shangazi akaniomba nirudie. Nikarudia. Akauliza jina la mwanamke, nikamtajia kama lilivyoandikwa kitabuni. Akalitamka mara mbili, polepole, kisha akasema, "Basi tuna mama mkubwa." Usiku huo niliandika kwenye ukurasa wa kwanza wa kauntabuku mpya: *Watoto wa ndoa ya 1946, ni akina nani na wako wapi?* Chini yake nikaandika patatu pa kuanzia: vitabu vya ubatizo vya parokia za Tanga, kuanzia 1947, wazee waliokuwa wakifanya kazi mashamba ya mkonge, na yule mzee jirani, ambaye baba yake alirudi.